Kichupa cha Dada Rehema

Usiku ule nililala na viatu miguuni, maana nilipanga kudamka niingie maabara kabla ya Dada Rehema. Mimi namwoshea vyombo vya kioo. Yeye hutengeneza chembe ndogo mno, anazivika kitu cha kunasa saratani, ili zikimulikwa na taa ya zambarau ziwake penye ugonjwa tu, daktari aone pa kukata. Mama yangu alikuwa apasuliwe asubuhi yake, na daktari alishatuambia mipaka ya uvimbe haionekani vizuri. Nilimwomba Dada Rehema kichupa kimoja cha chembe hizo. Akasema bado, zinajaribiwa kwa panya tu, na hata kwa panya ini lisilo na ugonjwa nalo linawaka. Nilimwelewa. Lakini ufunguo wa jokofu la vichupa najua unapotundikwa.

Nikasinzia, nikajikuta jikoni kwa bibi, mzaa mama, aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Anapepeta mchele. Ananitazama, anacheka, anauliza ni mume gani huyu analala na viatu kama mgambo. Enzi zake aliniita mume wake, akiwaonea wivu wasichana wote wa mtaani.

Mchele unaanza kung'aa rangi ya chungwa. Ungo unakuwa kitanda, na mama amelala juu yake. Kichupa kiko mkononi mwangu, nammiminia, namulika. Anawaka kifuani. Kisha tumboni, shingoni, vidoleni, mpaka kucha. Daktari amesimama na kisu, hajui aanzie wapi. Nampangusa mama huku nalia, nuru haitoki, na mikono yangu nayo inawaka.

Bibi ananishika kiganja.

"Mume wangu, siku nakufa nyote mlikuwa njiani mnanitafutia dawa. Niliita, hakuna aliyeitika."

Namwambia mama naye atakufa, nifanyeje.

"Kama atakufa sijui. Najua anaogopa."

Nikaamka mto umelowa, nje kunapambazuka. Nikatoka. Kwenye njia panda, kulia ni maabara, kushoto hospitali. Nilisimama, Mungu ananijua, nilisimama sana. Kisha nikashika kushoto.

Mama alikuwa macho, amekaa peke yake na gauni la upasuaji. Akaniuliza mbona asubuhi yote hii, nani kafa. Nikamwambia hakuna, nimekuletea salamu za mama yako, nimemwota. Akaninyooshea mkono. Nikaushika mpaka walipokuja kumchukua.