Mapaja Yaliyochekwa Mpwapwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa msichana wa shule huku kwetu Mpwapwa, nilitua mfuko wa mchanga katikati ya kilima nikaapa sitaubeba tena.

Mwalimu wetu wa michezo hakuturuhusu kukimbia tu. "Mbio fupi ni nguvu," alikuwa akisema, kisha anatupandisha kilimani, anaturusha kichura, tunachuchumaa na kuinuka na mchanga mabegani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama kweli kweli! Mwili ukaitika. Mapaja yakajaa, sketi ya shule ikaanza kunibana.

Siku hiyo shangazi yangu alikuwa akitoka kisimani na wenzake. Akasimama, akanitazama juu hadi chini.

"Jamani, hili ni paja la msichana au la dume la ng'ombe? Nani atakuoa wewe?"

Wakacheka wote. Nikauacha mfuko palepale, nikarudi nyumbani nikilia. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekaribia, lakini niliona heri nisiende kuliko kuchekwa.

Bibi, mama yake baba, alinikuta jikoni, nikamweleza. Hakunibembeleza. Shangazi aliporudi, bibi akamwita mbele yangu, binti yake wa kumzaa.

"Ng'ombe akinenepa unamsifu. Mtoto wa kaka yako akipata nguvu unamcheka?"

Shangazi akabaki anakunja ncha ya kanga yake. Kisha bibi akanigeukia.

"Na wewe, mwili umeutafuta kwa jasho lako, halafu unauonea haya kwa neno la mtu? Mfuko umemwachia nani? Nenda ukauchukue."

Nikaenda.

Mashindano yalifanyika Dodoma mjini. Mita mia. Nilichelewa kutoka, wasichana wawili wakanitangulia. Tulipofika katikati nikaona wanaanza kukaza shingo, mabega yanapanda. Mimi miguu yangu ilikuwa inasukuma ardhi kama ndiyo kwanza inaanza. Nikawapita, nikakata utepe kwa kifua. Ee, mwanangu, utamu ule sijausahau! Na unajua nani alipiga kigelegele cha kwanza? Shangazi. Alikuwa anamwambia kila aliyekaa karibu naye, "Huyo wa kwetu! Mmeyaona mapaja hayo?"

Mume nilimpata pia, ndiye huyo mzee anayekoroma chumbani.

Sasa nasikia nawe, huko shuleni kwenu Kikuyu, Dodoma mjini, umeanza kukwepa kunyanyua vyuma kwa sababu ya maneno ya wenzako. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Rudi mazoezini. Jifunze kwanza kuchuchumaa vizuri, mgongo umenyooka, ndipo uongeze uzito, tena kidogo kidogo. Usishindane na mtu kwa chuma, maana goti likiumia mbio zimekwisha. Siku ya kupumzika, pumzika. Kula ugali wako na mlenda ushibe. Na nguvu ikishakuja, usiifunike kwa kanga. Tembea nayo kifua mbele, ni yako.

Mungu aliyekupa miguu hiyo aitie uimara, aiepushe na maumivu, na kila uwanja utakaoukanyaga ukupokee kwa heri. Nenda, mwanangu, ukatutoe kimasomaso.