Jinsi wimbo uliokatwa katikati ulivyomtoa mzee wa snuka chumbani kwake Riyadh

Wakuu, salaam kwenu mlio nyumbani, na pole kwetu tulio huku kwenye joto.

Leo sina siasa wala connection za kazi. Nina jambo nililoliona kwa macho yangu, na nikitia chumvi hata punje moja, basi ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ikwame ofisini.

Mimi ni dereva hapa Jeddah, mtu wa Taita. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, ni mzee mstaafu wa mtaa wa Al-Rawdah, mpole, hajawahi kunipandishia sauti. Najua humu wapo waliokutana na makafili wa kuwatoa machozi, kwa hivyo nashukuru Mungu polepole nisiwaudhi.

Bosi alisoma Uingereza ujanani, akarudi na magonjwa mawili: snuka, na muziki unaoitwa progressive rock.

Snuka, kwa wasiojua, ni kaka mkubwa wa pool. Meza ni kubwa kupita chumba nilichopanga Mombasa, na mashimo yake ni bahili sana.

Muziki sasa ndio kesi. Wimbo unaanza tukitoka nyumbani, tunafika Balad, mji mkongwe, mwimbaji bado hajafungua mdomo! Ngoma zenyewe zinachechemea. Miezi ya kwanza nilidhani redio imeharibika.

Na bosi ana sheria: hashuki garini kabla wimbo haujaisha. Iwe kliniki, iwe harusi ya mpwa wake, tunakaa parking AC inavuma, yeye kafumba macho.

Sheria hiyo aliiweka na rafiki yake wa Riyadh, Abu Faris, aliyesoma naye huko Uingereza. Siku moja alinieleza: "Snuka ni kusubiri. Wimbo mfupi haumfundishi mtu kusubiri."

Basi kila baada ya wiki kadhaa tulikuwa tunakwenda Riyadh, barabara ya kutwa nzima. Tukilala, asubuhi wazee wanakaa kando ya meza ya Abu Faris, wanasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho bila neno. Kisha wanacheza mpaka adhuhuri, wakitaniana kama watoto wa shule. Mimi niko kwenye kona na gahawa na tende zangu. Nilizipenda sana asubuhi zile.

Halafu Abu Faris akapata ule ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson's. Akaacha kupokea simu. Mwisho ukaja ujumbe: halas, yamekwisha, meza naigawa, usije tena.

Bosi aliusoma ndani ya gari, akabaki ameishika simu tu.

Hapa niwape kidogo ya kwangu. Baba yangu ni bass wa kwaya kanisani kwetu tangu sijazaliwa. Mwaka jana alipata stroke, maneno yakawa yanamtoka yamepinda. Tangu siku hiyo nikipiga simu, anampa mama. Sikuwa nimesikia sauti yake tena, na iliniuma kuliko nilivyomwambia mtu yeyote huku. Kwa hivyo ule uso wa bosi niliuelewa.

Kesho yake akasema, "Yalla, twende Riyadh."

Tulipofika, geti lilifunguliwa na Faris, mtoto wa mzee, mtu mzima mwenye familia yake. Aibu ilimjaa usoni. "Ammi, nisamehe. Anasema amelala."

Dirisha la chumba cha mzee linatazama uani. Pazia lilitikisika. Hata mimi niliona.

Bosi hakubishana. Alirudi garini akaniambia nifungue milango yote minne. Akachagua wimbo wao wanaoupenda kuliko zote, akaongeza sauti.

Kufikia hapo nilikuwa naujua. Unazunguka weee, unapotea, unarudi, kisha gitaa linaanza kupanda, linapanda, na unajua mwimbaji karibu atarudi amalize.

Hapo hapo bosi akanyoosha kidole akauzima.

Wakuu, nilihisi kama mtu aliyenyimwa kupiga chafya. Nikamwambia, "Bosi, haujaisha!"

"Najua. Ngoja."

Tukangoja. Faris ananitazama, mimi namtazama.

Mara sauti ikapasuka dirishani: "Talal! Una wazimu? Malizia!"

Bosi, maana Talal ndiye yeye, hakugeuza hata kichwa. "Njoo umalizie mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Abu Faris alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia. Alifika kizingitini, miguu ikaganda. Ugonjwa ule ndivyo ulivyo: kichwa kinasema twende, miguu inasema mafi, hakuna. Akabaki pale anatazama viatu vyake, machozi yanamlenga.

"Umeona sasa?" akamwambia bosi. "Ndiyo maana nilikwambia usije."

Nikataka kukimbia nimshike. Bosi akaniwekea mkono kifuani. Basi nikafanya kitu pekee ninachokijua tangu utoto: nikampigia makofi ya kwaya, kushoto kulia, moja mbili tatu nne. Nikatia na bidii.

Mguu haukutikisika. Abu Faris aliinua macho akanitazama kwa huruma.

"Kijana, hiyo ni nini? Wimbo huu unahesabiwa saba!"

Bosi alicheka mpaka akashika gari. Kisha akaanza yeye: moja mbili tatu nne, moja mbili tatu. Ule mchechemeo wao. Abu Faris akaanza kutingisha kichwa nao, na mguu ukabanduka. Kisha wa pili. Alivuka ua mzima akifuata makofi ya rafiki yake, akaingia garini, akabonyeza mwenyewe wimbo uendelee.

Walikaa kiti cha nyuma, mkono wake unaotetemeka uko ndani ya mkono wa bosi, mpaka mwisho kabisa. Mimi nilisimama nje nikitazama ukuta. Nililia, sioni haya kusema.

Asubuhi iliyofuata walicheza. Akiinama mezani, mkono ulitulia kiasi. Akitaka kuzunguka meza, tulimpigia makofi ya saba sote, na Faris. Alikosa mipira mingi, bosi akamfunga bila kumhurumia, naye akatukana kwa furaha. Meza haikugawiwa.

Tulipokuwa tukirudi Jeddah, tulisimama petrol station mchana. Nikapiga nyumbani. "Mama, weka loudspeaker karibu na mzee."

Nikaimba. Wimbo ambao kwaya yetu hufungia ibada, tenor yangu kavu pale kando ya pampu, watu wananishangaa. Nilipofika mstari wa mwisho, nikanyamaza.

Mama akasema, "Haloo? Haloo? Laini imekatika?"

Sikujibu.

Kisha nikasikia bass. Chini kabisa, inatetemeka kidogo, ikaubeba ule mstari mpaka amina. Kila neno limenyooka.

Nilipogeuka, bosi alikuwa amezima AC ili asikie. Alikuwa amesubiri wimbo uishe, ndipo akasema yalla.

Wakuu, wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na ni kweli. Lakini wengine hawafichi maradhi, wanajificha wao wasionekane. Mtu kama huyo ukimuuliza kila siku "unaendeleaje," anazidi kufunga mlango. Mimi nimejifunza kumwachia mahali pa kumalizia.

Aliyewahi kumtoa mtu wake chumbani, atuambie alitumia nini. Na watu wa kwaya, nifundisheni kupiga saba, maana mzee wa Riyadh bado ananicheka.