Neno la Daktari na Koti Langu

Mimi fundi wa milango wa Makambako, mwanaume mzima, niliogopa neno. Daktari wa hospitali moja Njombe alinipima, akasema nitafanyiwa masupialaizesheni. Sikuthubutu kuuliza maana yake. Nilijua tu kwamba operesheni yenye jina refu namna ile hairudishi mtu nyumbani.

Usingizi ukanipotea. Nikamwomba mchungaji anipe Chakula cha Bwana. Koti langu zito nikampa shemeji yangu, nikamsihi awaangalie watoto. Kila aliyeniuliza ninaumwa nini nilimtajia neno lile, naye akashika kichwa. Sikumwambia hata mmoja ninaumwa wapi.

Siku ya operesheni, kwaya ya akina mama wa usharika ikajaa wodini ikiimba nyimbo za kuaga huku machozi yakiwatoka. Daktari akaingia, akangoja ubeti uishe.

“Akina mama, msilie,” akasema kwa upole. “Ana jipu juu kidogo ya matako. Tunalifungua, tunashona kingo zake libaki wazi kama kifuko, uchafu utoke. Neno lile maana yake ndiyo hiyo. Jioni anarudi nyumbani.”

Shemeji, aliyekuwa amesimama nyuma ya kwaya, akaanza kufungua vifungo vya koti langu.