Walinifanya mshenga kwa sababu sidanganyi, sasa wanataka nidanganye

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wengi wanafuatilia ukurasa huu na baadhi yao hawakosi kukomenti.

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, ni fundi cherehani hapa Mkuyuni. Mafundi mnatujua, "njoo kesho" ndiyo salamu yetu. Mimi sina hiyo. Kama nguo haitakuwa tayari Jumamosi nakwambia haitakuwa tayari, peleka kwingine, na kitambaa chako nakukunjia vizuri. Nilipoanza kujitegemea nilijiwekea kwamba sitasema uongo, mkubwa wala mdogo. Hakuna aliyenituma, wala si mambo ya kanisani. Wateja nimepoteza, na mke wangu amenuna mara nyingi tu kwa kuniuliza kama gauni limempendeza. Lakini nilijipenda hivyo.

Mdogo wangu wa tumbo moja, nimwite Deo, alipata mchumba Buzuruga, nimwite Neema. Baba yake Neema ni mwalimu mstaafu na alishatangaza kwamba binti yake haolewi na mwanaume mwenye mtoto nje. Sasa Deo ana binti wa miaka saba kule Sengerema, alizaa na dada mmoja hawakuoana, na anamtunza kimyakimya. Yule mtoto ananiita baba mkubwa, na sare yake ya darasa la kwanza nilishona mimi.

Kikao cha familia kikanichagua kuwa mshenga. Nilishangaa, mshenga ni mtu wa maneno matamu na mimi sinayo. Mama akasema, "Wewe mwanangu ukiongea, mtu hana cha kuuliza." Nikavimba kichwa. Nilimwambia Deo mapema, "La mtoto sitalisema, ila nikiulizwa sitalikana." Akacheka. "Kaka, nani akuulize wewe? Wakikuona tu wameridhika." Nikajiambia kunyamaza si kudanganya, nikaipeleka barua ya posa, ikapokelewa.

Siku ya kufuata majibu nilikwenda na baba mdogo. Wametupikia sato, watu wanacheka, mambo safi. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama.

"Fundi, nimekuulizia huko kwenu Mkuyuni. Wote wameniambia ukisema kitu ni hicho hicho. Basi mimi nina swali moja tu. Huyu kijana wenu ana mtoto?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Ndiyo mzee. Anaye mmoja."

Sato hakuliwa. Barua tulirudishiwa palepale, na Neema nilimsikia analia chumbani.

Tulipofika stendi baba mdogo akanivaa. "Mshenga akibanwa anasema, naomba hilo nikawaulize walionituma. Huo nao ni uongo? Watu wote wanaelewa, na hakuna anayeaibika. Umeshindwa hata hilo?" Na ni kweli. Kwetu washenga wote wanaitumia hiyo, na mimi nilikuwa naijua.

Mama anaishi kwa Deo, Nyegezi. Presha ilipanda, akalala siku mbili. Nilipokwenda kumwona aligeukia ukutani akasema, "Umemvua nguo mdogo wako mbele ya wakwe." Niliumia sana. Lakini aliyenimaliza ni Neema. Alinipigia akaniambia, "Shemeji, mimi mtoto namjua na nilishamkubali. Nilitaka nikishaolewa ndiyo nimweleze baba polepole. Sasa nina mimba ya miezi mitatu, na baba hajui. Umenisaidia nini?"

Juzi familia imekaa tena. Wameamua nirudi Buzuruga na baba mdogo, nimwambie mzee kwamba nilisema uongo kwa wivu kwa kuwa nilikuwa nimegombana na Deo. Nikauliza, na mtoto je? Wakajibu kwamba siku akionekana, itasemwa ni wa kwangu, na atafundishwa kumwita Deo baba mdogo. Deo alikuwepo, anaangalia simu yake. Mke wangu naye aliposikia alisema nikikubali hilo la mtoto kuwa wangu nitafute na wa kunipikia. Mama akamaliza hivi: "Usipokwenda, siku nikifa usije kunizika."

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile mzee aliponiuliza, lile jibu la washenga lilishanifika mdomoni. Nililimeza makusudi. Nilipenda alivyokuwa ananitazama, kama vile mtu wa kuaminika mle ndani ni mimi peke yangu, na nilipojibu nilisikia raha. Raha kabisa, huku dada wa watu analia. Kwa hiyo hata mimi sijui tena kama nilikuwa nautetea ukweli au sifa zangu.

Jumapili hii tunatakiwa Buzuruga saa nne asubuhi. Nisipokwenda, nimempoteza mama, na Neema tumbo litaonekana akiwa kwa baba yake. Nikienda, nitasema uongo wangu wa kwanza, na yule mzee atauamini palepale kwa sababu nimeusema mimi. Na kuna mtoto Sengerema atakuwa amenyang'anywa baba na hajui amekosa nini.

Mnaotaka kunitukana nitukaneni, nimestahili. Ila mkimaliza niambieni, ningekuwa ndugu yenu mngenituma Buzuruga, au mngenizuia mlangoni?