Mashine Iliyogawanywa Kama Mbuzi

Miaka ile ya hamsini, kabla sijaolewa, nilipima bei ya kila kitu kwa vikapu. Nilikuwa mchumaji wa pareto, yale maua meupe ya kuulia wadudu, katika shamba la mzungu mmoja juu ya Muheto. Msichana mwepesi wa vidole alipata faranga tatu kwa siku nzuri. Siku nzuri ni siku isiyo na mvua, na huko Masisi, kwenye vilima vya mashariki mwa Kongo, mvua haiombi ruhusa. Wanaume walipata tano, hata wale waliosinzia nyuma ya vichaka, pamoja na posho ya Jumamosi: unga, maharage, chumvi na mafuta ya mawese kidogo. Sisi wasichana posho hatukupewa, tuliambiwa tuna baba zetu. Jambo hilo lilinikasirisha wakati ule, na mpaka leo sijamaliza kukasirika.

Jembe la dukani lilikuwa faranga ishirini na moja, yaani siku saba za kuinama kwenye maua ili upate kitu cha kukuinamisha tena kwenye maharage. Kitenge kizuri kilikuwa tisini. Maharage yenyewe, baada ya jasho lote hilo, mfanyabiashara wa Sake aliyachukua kwa faranga moja na nusu kwa kilo, na kwanza ayapepete mbele yetu huku amekunja pua.

Sasa, Papa alikuwa na ugonjwa wa mashine. Siku moja alitumwa kupeleka kuni jikoni kwa yule mzungu, akaona mashine ya kusagia ya mkono imefungwa kwenye meza. Unamimina mahindi juu, unazungusha mkono wa chuma, unga unashuka chini. Alirudi nyumbani hana hamu ya chakula. Alitueleza habari ya kile chuma mpaka Bibi, mama yake, aliyesaga kwenye jiwe tangu utoto wake, akamwambia kama anaipenda hivyo aende akaioe.

Wakati huohuo na mimi nilikuwa na ugonjwa wangu. Kulikuwa na kijana wa Walikale, kule msituni, aliyekuja kutafuta kazi shambani. Yeye ndiye aliyetunza moto wa tanuru la kukaushia maua na kupima vikapu vyetu kwenye mizani. Watu wa vilimani walimwita mtu wa pori na kumuuliza kama kwao nyani hulipa kodi. Alicheka pamoja nao, na mizani yake haikuiba hata ua moja. Nilimpenda, nasema wazi. Kila nilipopanda na kikapu kule kwenye tanuru nilijipangusa uso kwanza.

Alipokuja kuposa, Papa alimwambia mahari ni mbuzi sita. Kijana akainamisha kichwa, maana kwao msituni mbuzi ni wachache. Papa akakohoa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mbuzi moya ni faranga mia na makumi mbili. Sita inafika mia saba na kidogo. Na ile mashini ya kusaga, ku duka ya Sake, iko mia saba. Unaweza kuleta mashini, tutasema imeisha."

Yule kijana alifanya kazi mwaka mzima na zaidi, akila posho tu, shati lake likitoboka mgongoni, mpaka akainunua. Aliibeba kichwani kutoka Sake, na mtaa mzima ukatoka kuitazama. Papa aliifuta kwa shati lake la kwenda kanisani.

Kosa la Papa lilikuwa moja, na mtoto yeyote wa kwetu angeliona. Mahari haiwi ya baba peke yake. Mbuzi wakija, mmoja ni wa mjomba, mmoja wa shangazi, mmoja wa bibi mzaa baba, na baba anabaki na waliosalia. Wote hao walikuwa wamekaa uani siku ile, wakingoja haki yao, na mbele yao kulikuwa na chuma kimoja juu ya kigoda.

"Yangu njo ipi?" akauliza shangazi.

Papa akaanza kueleza kwamba watu wote watakuja kusaga bure. Hakuna aliyemsikiliza. Shangazi alisimama, akachomoa bakuli la juu la kumiminia mahindi, akalifunga kwenye kitenge. Bibi, ambaye siku zote alikuwa akiicheka mashine, alifungua ile skrubu kubwa ya kuibana kwenye meza akaitia kifuani. Mjomba wangu, kaka wa Mama, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, alichomoa mkono wa kuzungushia.

"Mukono mutupu hauwezi kulambwa," akasema. "Siku mbuzi yangu itafika, nitarudisha hii."

Akaondoka nao begani kama bunduki. Papa alibaki na tumbo la mashine na meno yake.

Bibi na shangazi hawakuwa na neno. Wiki haikwisha kabla hawajakubali kuleta vipande vyao kwa malipo ya unga. Lakini mkono ulilala kwa mjomba, na si mashine tu iliyosimama. Kwetu msichana hatoki nyumbani bila mjomba kumtemea baraka kiganjani. Bila baraka hiyo, hata ukifungishwa ndoa kanisani, ukikosa mtoto watasema, ukipata mtoto mwenye kikohozi watasema. Mjomba alikataa kutema hata tone.

Wazee wa Walikale nao wakaleta ujumbe: walichoambiwa walitoa, na mwana wao haongezi hata kuku. Mwanamume akilipa mke mara mbili, walisema, atalipa mpaka kaburini. Papa, kwa upande wake, hangeweza kutoa mbuzi wake mwenyewe, maana mbuzi wa mjomba lazima atoke kwa mwoaji. Kibarua cha mchumba wangu kilikuwa kinaisha pamoja na kiangazi, na huko kwao walikuwa wamekwisha kumwonyesha msichana mwingine. Nilikuwa na miezi mitatu tu. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikapiga hesabu.

Mbuzi alikuwa siku arobaini nzuri za kuchuma. Nilichukua mistari miwili badala ya mmoja. Nilikwenda umande ukiwa bado haujakauka, nikingoja jua kwenye ukingo wa shamba ili niwe wa kwanza kuingia. Vidole vilipasuka, shingo ikakakamaa. Wenzangu walinitania kwamba nataka kulinunua shamba lenyewe. Nusu ya mshahara wangu ilikuwa ya Mama siku zote. Safari hii nilipompa, aliisukuma mkononi mwangu.

"Nunua ile kitu unanunua," akasema. "Mujomba wako namujua. Tulinyonya ziwa moya. Hatageuka."

Sikuwa nimemwambia kitu.

Mbuzi tulimpata kwa mjane mmoja wa kilima cha pili, mbali na macho ya soko. Mjane alitaka mia na thelathini. Mama akasema sikio moja limechanika, mjane akajibu kwamba huyo mbuzi hasikilizi redio, wakacheka, wakaafikiana mia na ishirini. Kisha Mama akamtafuta mmoja wa wale watu wa Walikale waliopanda kwetu kuuza mafuta ya mawese, akampa bakuli la maharage na kazi moja: amfikishe mbuzi kwa mjomba, aseme "wakwe wanasalimia," na aende zake. Mjomba alipomwona mtu wa msituni ameshika kamba hakuuliza swali. Siku ya pili mkono wa mashine ulirudi, umepakwa mafuta.

Arusi ilikuwa Jumamosi. Baada ya kanisa tulikusanyika uani, mjomba akanitemea baraka kiganjani, nami nikakifumba. Kisha akageukia wageni.

"Huyu kijana, tulimuita mutu wa pori," akasema. "Lakini ananiheshimu. Baba ya huyu binti alisahau mbuzi yangu, yeye hakusahau. Simama, mutoto yangu, tukupigie makofi."

Mume wangu akasimama taratibu. Kwao hawakutuma mbuzi, na yeye alilijua hilo. Alikuwa mtu asiyeweza kusema uongo hata kwa ua moja la pareto, na mimi chini ya kitambaa changu nilianza kusali kwamba kwa siku hii moja tu Mungu amfunge mdomo. Akilisema, arusi imeharibika, na Papa na Mama hawatatazamika tena kijijini. Alinitazama. Alivitazama vidole vyangu, alivyovihesabia vikapu miezi mitatu pale kwenye mizani bila kuuliza kwa nini vimeongezeka mara mbili.

"Asante, Papa mujomba," akasema. "Lakini miye sikutoka jasho ya ile mbuzi. Ile mbuzi inatoka ku mikono ya mwanamuke mwenye anatumika kazi kunipita. Mumupigie yeye makofi."

Wageni wakaangaza uani kumtafuta mwanamke huyo. Kisha watu wote wakamgeukia mama yake, aliyekuja kwa miguu kutoka Walikale na hakujua lolote kuhusu mbuzi, wakampigia makofi na vigelegele. Mama mkwe akasimama, akashukuru, akafuta machozi. Mimi niliinamisha kichwa kama bibi arusi anavyotakiwa, na makofi yale nikayapokea yote.