Alisimama Mbele ya Gongo Lake Mwenyewe

Habari ilinikuta dukani Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, nimechuchumaa mbele ya friji napanga maziwa. Ujumbe kwenye simu ulisema yule kaka yetu wa Jakobsberg, fundi wa kukereza vyuma, moyo wake umesimama asubuhi akiwa kazini, na hospitali hawakuweza kumrudisha. Nilibaki na paketi mkononi mpaka bibi mmoja wa Kiswidi akaniuliza kwa upole kama ile paketi naiuza au naiombea. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, niseme ukweli. Nilimjua kiwanjani majira ya joto na kanisani tu, na sidhani kama alijua hata ninakoishi. Kwenye matanga watu walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa mpole, alikuwa na mikono ya kazi, hakumnyima mtu msaada. Yote kweli. Lakini jambo moja halikutajwa, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Wewe unayeandikaga, ile habari ya gongo uiache. Mwache mwanaume wa watu apumzike." Nikaenda kwa mjane mwenyewe jikoni, nikamuuliza. Akafuta mikono, akaniangalia. "Andika, mwanangu. Yeye aliisimulia kwa kila mtu aliyeingia humu ndani, hata fundi wa bomba." Basi naandika.

Mnaonisoma siku zote mnakumbuka kwamba tulikuwa na timu ya softboli. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa gongo na mpira wenye ukubwa wa balungi. Mrushaji anaurusha kwa mkono wa chini, taratibu, unapanda juu na kushuka, na mpigaji anausubiri na gongo lake. Mrushaji ndiye aliye karibu na mpigaji kuliko wenzake, anatazamana naye uso kwa uso, na hana kinga zaidi ya glavu moja na macho yake. Timu yetu ilikuwa uji wa unga mchanganyiko: Wakongo wa Bukavu na Uvira, Wakenya, Mtanzania mmoja mbishi, na mrushaji wetu, mama mmoja kutoka Burundi anayehudumia wazee, ambaye sote tulimwita Dada, hata waliomzidi umri. Majira yetu ya kwanza hatukuwa na gongo hata moja, na timu za Waswidi zilituazima ya kwao bila maneno. Tangu hapo Dada akaweka desturi. Kabla ya mechi anatandika kitenge nyuma ya mahali pa mpigaji, anamwaga hapo magongo yetu yote, wageni wanaongeza ya kwao, na kila mtu anachukua analolipenda. Waswidi walishangaa, wakacheka, wakazoea. "Kwetu sahani ni moja," aliwaambia.

Nahodha wetu alikuwa kijana wa Kenya, mwanafunzi wa uhandisi, mwepesi wa maneno na mtu wa kuchukia kushindwa. Siku moja alimfuata marehemu kwenye karakana yake Jakobsberg na gongo jipya begani, yale yenye uwazi ndani. Hii nilisimuliwa baadaye na marehemu mwenyewe. "Mukubwa," nahodha akamwambia, akimwita kwa Kiswahili cha kwao Kongo ili amlainishe, "nimeona kwenye mtandao jinsi Wamarekani wanavyofanya. Unalikereza kwa ndani kidogo tu. Wewe mashine unayo, mikono unayo." Marehemu akauliza, "Na mrushaji wa wenzetu je?" Nahodha akajibu, "Si ana glavu?" Akakubali. Aliniambia alikubali kwa sababu tangu aje Uswidi ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba kitu ambacho wengine hawakukiweza, na akaona raha. Akabandua kifuniko cha kwenye ncha, akalifunga gongo kwenye mashine, akaukereza ukuta wake kwa ndani mpaka ukawa mwembamba, kisha akarudisha kifuniko kwa gundi. Kwa nje huoni kitu. Gongo la namna hiyo linabonyea na kurudi kama ngozi ya ngoma, na mpira unatoka kwa kasi ambayo mkono wa mrushaji hauiwahi. Ndiyo maana linakatazwa kwenye ligi zote, hata hizi za kwetu za kuchoma nyama baada ya mechi.

Tukaanza kushinda, na mimi nikaimba njia nzima kwenye treni nikidhani ni mazoezi yetu. Tulipocheza na timu ya Farsta, nahodha aliupiga mpira ukarudi moja kwa moja kwa mrushaji wao, mpishi wa shule, mtu wa makamo, ukampata kifuani kabla glavu haijanyanyuka. Alikaa chini akapumua. Akasema hakuna shida, akapeana mikono na kila mtu, nahodha pia. Majira yale hatukumwona tena. Mimi nilisema bahati mbaya. Kulikuwa na watu wawili kiwanjani waliojua kwamba bahati haikuhusika, na wote wawili walikuwa wa kwetu.

Halafu ikaja Jumapili ya mechi ya mwisho, ya kombe. Nahodha alikuwa amepanga gongo lile likae ndani ya mfuko wake, alitoe mwenyewe na alirudishe mwenyewe. Lakini alipokuwa anabishana na mwamuzi kuhusu mstari wa chaki, Dada alifika, akafanya kama afanyavyo siku zote. Akatandika kitenge, akafungua kila mfuko, akamwaga kila kitu. Aliyewaandalia wageni gongo lile ni yeye. Tulicheza vizuri, tukawa mbele kidogo, na mwishoni zamu ya kupiga ikawa ya wageni. Akaja jamaa wao mmoja, mhamisha mizigo, mabega kama kabati. Akainama kwenye kitenge, akashika hili, akashika lile, akalipima mkononi lile la nahodha, akatabasamu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kituo cha tatu cha kukimbilia, namwona kila mtu. Marehemu alikuwa mbali nyuma kabisa, karibu na uzio.

"Njoo, kabati!" Dada akamtania kwa Kiswidi. "Leo nakurudisha dukani!" Mpira wa kwanza jamaa akauacha. Wa pili akaupiga pembeni, na mlio wake haukufanana na mlio wa gongo lolote kwenye kitenge kile. Ulikuwa mzito, wa kubana, kama mlango wa gari ukifungwa kwa hasira. Mpira ulipita juu ya uzio ukapotelea kwenye miti ya mibetula. Jamaa akalitazama gongo kwa mshangao, Dada akacheka, "We, umekula nini leo?" akaomba mpira mwingine. Nikamwangalia nahodha, aliyekuwa mdakaji, amechuchumaa nyuma ya mpigaji. Uso wake ulikuwa umekauka. Alilitambua gongo. Alimwona Dada, mama wa watoto wawili, amesimama mbele yake kifua bila kinga, na alihitaji kusema sentensi moja tu. Sentensi hiyo ingetunyima kombe. Akafungua mdomo, akaufunga. Akanyanyua glavu yake kuonyesha yuko tayari.

Ndipo nikasikia viatu. Marehemu alikuwa anakimbia kutoka kule nyuma, na hakuwa mtu wa mbio, tumbo lilikuwa linamtangulia. "Jamani, huyu anakwenda wapi?" Mtanzania wetu akauliza. Nahodha akasimama, akapiga kelele, "Kaka, rudi! Rudi mahali pako!" Dada hakusikia au alidhani ni fujo zetu za kawaida, mkono wake ulishaanza kwenda nyuma. "Dada, acha! Usirushe!" marehemu akapaza sauti. Dada akageuka na mpira mkononi. "Nini? Nyuki?" Marehemu akampita, akasimama kati yake na mpigaji, mgongo kwa Dada, mikono imetanuka, anahema kama mtu aliyetoka majini. "Iyi gongo haiko muzuri," akasema kwa Kiswahili cha kwao. Kisha akamgeukia mwamuzi na Kiswidi chake cha kuokoteza: "Mimi kukereza. Ndani. Mimi."

Nahodha ndiye aliyesema kwanza. "Kaka, si ungesubiri amalize huyu mmoja tu!" Dada akamtazama nahodha, halafu akatutazama sote, mmoja baada ya mwingine, na mimi ambaye sikujua kitu nikajikuta nainamisha macho. "Mlijua wangapi?" akauliza. "Nimelitandika mimi," akasema polepole. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu." Akavua glavu, akaiacha kwenye nyasi, akaenda kukunja kitenge chake na magongo ya watu yakiwa bado juu yake, yakadondoka moja moja. Mwamuzi alilichukua gongo, akafuta ushindi wetu wote wa majira yale, akatutoa kwenye ligi. Kwenye treni ya kurudi nahodha alimwambia marehemu, mbele ya abiria, "Umetuuza kwa Waswidi." Marehemu alijibu tu, "Sawa, kaka. Nimewauza," akaendelea kuangalia nje.

Kilichonishangaza ni wiki zilizofuata. Habari ilipofika kanisani ilikuwa imegeuka: fulani ameokoa maisha, fulani ni shujaa. Mama zetu wakawa wanampakulia nyama mara mbili. Yeye akawa anakonda. Siku moja baada ya ibada akanivuta pembeni. "Mudogo yangu, wewe Kiswidi chako ni cha kuzaliwa hapa. Unisindikize Farsta." Nikamwambia mambo yamekwisha, amekwishasema mbele ya mwamuzi, atake nini tena? Akatikisa kichwa. "Nilikimbia juu ya kuwa ni Dada. Yule wa Farsta nilimwona anaanguka, na nikabaki nimesimama. Sasa ushujaa gani huo munaniimbia?"

Tulikwenda. Mpishi alitufungulia mlango, akatukaribisha kahawa kama Waswidi wafanyavyo, na marehemu akakataa kukaa mpaka aseme. Alisema kwa Kiswahili, nami nikatafsiri, na nilipofika kwenye neno la kukereza sauti yangu ikawa ndogo kwa sababu nilikuwa naogopa: polisi, ngumi, sijui. Mpishi hakupandisha sauti. Aliuliza, "Kwa hiyo mpira ule haukuwa wa kawaida?" Marehemu akasema haukuwa. Mpishi akaweka kikombe mezani, kahawa ikaruka. "Unajua nilifanya nini baada ya siku ile? Nilikwenda kupima macho. Wakaniambia macho yangu mazima. Basi nikajua ni uzee, mikono imechelewa. Nikawaambia wenzangu watafute mrushaji mwingine. Nimerusha tangu ujana wangu, na niliacha kwa sababu niliamini kasoro ni yangu." Maneno hayo sikuyatafsiri. Hayakuhitaji tafsiri. Marehemu alikuwa ameshaanza kulia, amesimama vile vile, kofia mkononi. "Sijui kama nimekusamehe," mpishi akasema. "Ila nafurahi umekuja." Majira yaliyofuata nilimwona akirusha tena, kifua mbele. Marehemu hakushika gongo tena, lakini timu ya Farsta ikicheza alikuwa anakwenda kukaa kwenye nyasi na kutazama, na baada ya mechi ya tatu au ya nne mpishi alianza kumpungia mkono.

Nimeliwaza jambo hili sana tangu tumzike. Tunapozungumza juu ya udanganyifu, kwenye mchezo au popote, tunazungumza juu ya kombe: nani amelichukua, nani amenyimwa. Hatumfikirii yule ambaye hajui kama amedanganywa, ambaye anarudi nyumbani kutafuta kosa ndani ya mwili wake. Nawajua vijana wenzangu hapa Stockholm ambao wametuma maombi ya kazi mpaka wamechoka, wakaniambia Kiswidi chao hakitoshi, sura yao haifai, akili zao nzito, kumbe nafasi ile ilikuwa na mwenyewe kabla haijatangazwa. Na sisi kwa sisi tunafanyiana vile vile. Tumepanga viongozi wa vikundi vyetu jikoni kisha tukaitisha kura, na aliyeshindwa akaenda kujiona hapendwi na watu. Mtu huyo tumemkereza kwa ndani. Kwa nje haonyeshi kitu, anapeana mikono na kila mtu, anasema hakuna shida, kisha anaacha kile alichokuwa anakiweza.

Kwa hiyo somo ninalolichukua kwa kaka yetu halianzii kwenye mbio zake, ingawa nitazikumbuka. Mbio zile zilimwokoa mtu tuliyempenda, na kwa tunayempenda wengi wetu tungekimbia. Kumwambia mwamuzi pia kulikuwa na thamani yake, ila mwamuzi aliweza kufuta ushindi wetu tu; hakuwa na uwezo wa kumrudishia mpishi imani na mikono yake. Hilo lilimhitaji aliyekereza. Kama yuko mtu anayejilaumu kwa jambo ulilolifanya wewe, usimtumie ujumbe wa simu. Panda treni, gonga mlango, na usikae mpaka umemwambia kwamba hakukosea yeye.