Mwaka Dobi Alipovaa Nguo za Watu

Ukimuuliza Dobi mwaka wake ulikwendaje, atakwambia ulianza na fulana. Ilikuwa imetobolewa na cheche za pasi ya mkaa, naye alishinda nayo asubuhi hadi jioni. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na tangu hapo Dobi alikula amesimama na kulala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Kwa kifupi, alikuwa amejizika kabla ya kufa.

Dada yake, aliyeishi chumba cha pili, alimchoka.

"Kaka, unafua nguo za mtaa mzima, mwenyewe umevaa tambara la kusugulia sufuria. Huoni haya?"

"Kinyozi hajinyoi."

"Hajinyoi, lakini hunyolewa. Wewe nani akufulie?"

Neno hilo lilimkaa rohoni. Kesho yake alipomaliza kupiga pasi koti la mkandarasi mmoja aliyekuwa safarini, alilivaa, ati akague mabega. Akajitazama kiooni, akamwona mtu. Akamsalimia. Kisha, kwa kuwa mtu mwenye koti hawezi kusimama tu chumbani, akavuka barabara kwenda kununua uzi.

Ng'ambo ya pili palikuwa na kibanda cha Mama Vifungo, mjane mwenye cherehani, makopo ya vifungo, na ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Haa, Dobi! Leo unaoa au umeshtakiwa?"

"Nataka uzi."

"Rangi gani?"

Dobi hakuwa amefikiria mpaka huko. "Yoyote," akasema. "Ule wa mbali kabisa, kule juu."

Mama Vifungo akapanda kigoda, akautafuta uzi huku akimchamba mteja wake, na mteja akaomba kimoyomoyo uzi usipatikane upesi.

Basi ikawa hivyo mwaka mzima. Leo shati la daktari, kesho suruali ya karani wa benki, ila kwa sharti moja: mwenye nguo awe yuko safarini. Mwenyewe aliita jambo hilo kuinyoosha nguo kwa joto la mwili. Sheria ina jina fupi zaidi. Lakini fulana ilitupwa. Dobi alinunua kiti, akala ameketi. Alianza kupiga mluzi akichochea mkaa. Usiku akahamia katikati ya kitanda, akashangaa kumbe kilikuwa kipana hivyo!

Majirani wakanong'ona kwamba mzee anarudi utotoni. Watu hao wapo kila mtaa: mtu akilia peke yake humpa pole, akicheka peke yake humtafutia daktari. Kana kwamba furaha hutolewa kwa kibali, na kibali huisha mtu akifika miaka hamsini!

Hatari ilikuwa kwingine. Kila dobi ana alama zake, na huyu alifunga fundo la uzi ndani ya kola, kila mteja na rangi yake. Zamani rangi zilikuwa chache, zikitofautiana kama mchana na usiku. Sasa nyuzi zilijaa debe, na asipozitumia dada yake angeuliza zinanunuliwa za nini. Wateja wakagawiwa rangi upya. Mkandarasi akapata buluu iliyokoza. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani akapata nyeusi.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Dobi alijikaza akatoa la moyoni. Mama Vifungo akazungusha gurudumu la cherehani bila kumtazama.

"Mimi nilishakubali tangu siku ile ya uzi wa kwanza, ule wa zambarau, nikawa nakusubiri wewe tu. Lakini aliyenilea ni kaka yangu. Akisema hapana, siji kwako. Siwezi kuishi nimenuniwa na kaka. Jumapili njoo ujieleze."

Kaka mwenyewe alikuwa ndiye mwalimu mkuu, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amefuata koti lake akaambiwa mkaa umelowa, arudi Jumatatu.

Jumapili Dobi aliingia stoo yenye kiza, akapapasa kola, akaona fundo la mkandarasi, akavaa, akaenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Keti." Mwalimu mkuu alikuwa amevaa sweta. Hakumtazama usoni; alitazama kiwiko. "Koti zuri."

"Nashukuru. Ni la siku nyingi."

"Najua. Hebu tia mkono mfuko wa ndani."

Dobi akatia. Kidole kikapenya kwenye tundu, kikaishia mgongoni, chini ya bitana.

"Kimefika?"

"Kimefika, mwalimu."

"Tundu hilo nililitoboa mimi, kwa kalamu. Vua koti langu!"

Dobi akavua. Jicho la mwalimu likahamia kwenye shati. "Na hilo?"

"La daktari."

"Suruali?"

"Ya... karani wa benki."

"Sasa kilicho chako hapo ni kipi?"

"Soksi," Dobi akasema. Akafikiri kidogo. "Moja."

Mlangoni Mama Vifungo alijiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimcheza.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," mwalimu mkuu akasema, "na wewe hata kuazima hukuazima. Nimpe dada yangu mtu ambaye wasafiri wakirudi atabaki uchi?"

"Nyuzi zimefanana, mwalimu. Nina debe zima, na hata mmoja sikuuhitaji."

"Ulizinunua za nini basi?"

"Za kuvukia barabara."

Kicheko cha Mama Vifungo kikakatika. Mwalimu mkuu akamtazama dada yake, na alichokiona usoni pake kikamfanya akohoe.

"Kesho utarudisha kila kitu, nyumba kwa nyumba, na utaomba radhi kwa mdomo wako."

"Nitarudisha."

"Halafu utaoa umevaa nini?"

Mama Vifungo hakungoja kaka abadili nia. Alichomoa futi ya kupimia shingoni. "Simama, nyoosha mikono. Kaka, shika ncha hii."

Kaka akashika, uso bado ameukunja. Dobi akavuta pumzi, tumbo likaingia ndani.

"Liachie," Mama Vifungo akasema. "Nikipima uongo, shati litakubana siku ya harusi."

Dobi akaliachia. Likatoka lote, na mwalimu mkuu ikambidi asogee nyuma kulipisha.